Kunguru Mfadhili na Fundo la Bi Somoe

Hadithi inapita!

— Ipisheni ikae!

Imebeba nini kichwani?

— Imebeba kikapu!

Kina nini ndani?

— Kifunue tuone!

Haya, kaeni vizuri. Wewe uliye nyuma, acha kumchokoza mwenzako. Leo simsemi Sungura. Sungura amesemwa mpaka amechoka. Leo namsema Kunguru, na sitamsema kwa upole. Mwenye kumwonea huruma Kunguru atoke nje sasa hivi, asije akanikatiza katikati.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa na maneno mengi kuliko sisi, palikuwa na kijiji cha akina Mnana. Mnamjua Mnana? Yule ndege mdogo wa manjano, anayesuka nyumba yake ikaning'inia mtini kama kibuyu. Kijiji chao kiliitwa Mikinduni, kwa sababu ya mikindu iliyoota kando ya kijito.

Kazi ya akina Mnana ilikuwa kusuka vikapu. Walikata ukindu, wakauchana, wakauanika, wakauchemsha na rangi. Kisha walisuka ukili, mkanda mwembamba, mrefu, mrefu, mrefu. Ukili ule wakauzungusha, wakaushona kwa uzi mmoja, kuanzia kitako mpaka mdomoni. Hawakuwa na sindano. Midomo yao ndiyo ilikuwa sindano.

Na mwisho wa uzi ule palikuwa na fundo. Hapo kwenye fundo ndipo penye desturi yao.

Kikapu kikiisha kushonwa, hakikufungwa fundo. Mnunuzi alikuja na nafaka yake, akaimimina ndani, akachota konzi ya kwanza, akampa aliyekisuka. Msukaji alitafuna, akameza, ndipo akalifunga fundo. Hakuna konzi, hakuna fundo. Wazee wa Mikinduni walisema kikapu kisibebe shibe ya mwingine kabla aliyekisuka hajaonja.

Na walipofanya kazi waliimba hivi. Itikieni nanyi:

Suka, suka ukili,
ukindu wa kwetu.
Konzi iko wapi?
Fundo liko kwetu!

Katika kijiji kile aliishi Bi Somoe. Mdomo wa Bi Somoe ulikuwa mwepesi wa kushona na mwepesi zaidi wa kusema. Mumewe aliitwa Makame, naye alikuwa mpole, mpole wa kukera. Ukimkanyaga Makame, atakuomba radhi kwa kuuweka mguu wake chini ya wako.

Sasa, mwaka ule jua lilikataa kupoa. Nyasi hazikuzaa. Majirani waliozoea kununua vikapu hawakuwa na kitu cha kutia ndani. Familia moja ikahama, ya pili ikahama, kisha Mwanakombo, dada yake Bi Somoe wa tumbo moja, naye akawachukua watoto wake akaondoka. Nyumba yake ikabaki inayumba mtini, tupu.

Bi Somoe alikuwa akiitazama nyumba ile kila asubuhi, na moyo wake ukimuuma. Alijua jambo moja. Mtama usipoingia Mikinduni kabla ya mvua, njaa itawahamisha wote waliobaki, kila mtu njia yake, na kijiji kitakuwa kimekufa. Akamwambia Makame, "Mimi sihami. Nitakula hata ukindu, lakini sihami."

"Ukindu ni mchungu," akasema Makame.

"Basi nitautafuna nimekunja uso."

Siku moja wakasikia, "Hodi! Hodi hapa Mikinduni!"

Nani? Kunguru. Amevaa weusi mtupu, na shingoni ana kola nyeupe, imeshika vizuri, kama mtu anayekwenda kuoa. Akatua katikati ya kijiji, akafunga mbawa zake nyuma, akaanza kwa sauti ya machozi:

"Ndugu zangu wanyonge!"

Bi Somoe akageuka kutazama nyuma yake, huenda wanyonge wamesimama huko. Hakuona mtu.

"Unatuita sisi?" akauliza.

"Ninyi, mama. Msione haya."

"Mimi sina unyonge, baba. Mimi nina njaa. Njaa inatibiwa kwa mtama."

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema Kunguru. "Ila wateja hawapendi kuisikia hivyo."

Akawaeleza. Nyuma ya vilima wako wanyama wakubwa wenye maghala ya mtama, na mioyo yao ni laini ajabu. Wataununua ukindu wa Mikinduni kwa huruma. Kikapu kimoja, familia moja inakula! Yeye Kunguru atavibeba, atavinadi, ataleta mtama.

"Na wewe utapata nini?" akauliza Bi Somoe.

Kunguru akaweka bawa kifuani. "Mimi? Mimi sitaki kitu. Mimi ni mfadhili. Furaha yenu inanitosha."

Enyi mnaonisikiliza, mtu akiwaambia hataki kitu, mfichieni vyombo.

Lakini njaa haina masikio ya kuchambua maneno. Wakavitoa vikapu, vizuri, vya rangi ya zambarau na manjano. Kunguru akavigeuza, akauona uzi unaning'inia mdomoni mwa kikapu.

"Hivi mbona havijaisha?"

Bi Somoe akamweleza desturi ya konzi na fundo, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kunguru alisikiliza huku macho yakimng'aa.

"Lo! Lo! Hii tamu sana! Hii nitawasimulia wateja, watalia mpaka wakauke!" Akairudia mara mbili ili asiisahau. "Lakini mimi nifungieni tu. Konzi zenu nitakuja nazo nikirudi."

"Hapana," akasema Bi Somoe.

"Mke wangu," akasema Makame, "tumfungie kwa ahadi. Amekuja mbali."

Wakamfungia kwa ahadi. Makame huyo!

Kunguru akaenda na vibarua wake, kunguru wadogo aliowalipa makombo. Akakaa, akakaa, akarudi. Alikuwa amenenepa mpaka kola imembana. Akamwaga pumba kidogo mbele yao.

"Mtama uko wapi?" akauliza Bi Somoe.

"Upepo, mama. Upepo wa vilimani ni mwizi. Lakini wateja wamewapenda mno! Wamewatumia mapenzi yao."

"Mapenzi yanasagwa kwa jiwe gani?"

Kunguru akacheka kwa huzuni, akasema wanyonge wana utani mzuri, akachukua vikapu vingine. Makame akasema tumfungie tena, labda safari hii upepo utakuwa umetulia. Wakafunga.

Akaenda, akakaa, akarudi. Safari hii alikuwa ameota kitambi. Akamwaga pumba, kidogo kuliko za kwanza.

"Na sasa ni upepo tena?" akauliza Bi Somoe.

"La, sasa ni gharama. Kasuku wa kutangaza anataka chake. Chura wa kupiga ngoma anataka chake. Mnadhani huruma inajitembeza yenyewe? Ufadhili una gharama, ndugu zangu."

Siku ile familia mbili zaidi zikafunga safari. Bi Somoe akawaangalia wakipotea angani, akarudi ndani akiwa ameuma meno, kama ndege angekuwa nayo. Akamwambia mumewe, "Safari ya tatu naenda mwenyewe. Nataka nione huo upepo."

Kunguru alipochukua vikapu mara ya tatu, Bi Somoe alijikunja kitakoni mwa kile cha chini kabisa, akanyamaza kimya. Huyo anabebwa. Vilima vikapita. Wakafika sokoni.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Tembo. Kunguru akainamisha kichwa.

"Mama Tembo, kikapu hiki kimesukwa na mjane. Mumewe amekufa, kamwachia watoto na ukindu."

Bi Somoe ndani ya kikapu akashtuka. Alikuwa amemwacha Makame nyumbani anachochea moto.

"Maskini weee!" akalia Mama Tembo. "Nipe viwili!"

Kunguru akamsimulia desturi ya konzi na fundo, kwa sauti ya kutetemeka. Mama Tembo akajipangusa kwa mkonga, akamwaga mtama, mwingi, akaondoka na vikapu bila kuvitazama.

Mteja wa pili alikuwa Bwana Kiboko.

"Bwana Kiboko, kikapu hiki kimesukwa na mjane kipofu. Anapapasa ukindu gizani."

Kiboko akalia. Kiboko anaishi majini, hana haja ya maji zaidi, lakini alilia hivyo hivyo. "Nipe vitatu! Nyumbani ninavyo vingine, nimevitundika ukutani. Sijatia kitu ndani. Lakini nikivitazama, hujiona mimi ni mwema kupita kiasi."

"Na wewe ni mwema," akasema Kunguru, huku akipokea mtama. Akamsimulia na desturi ya konzi na fundo. Kiboko akalia upya.

Mteja wa tatu alikuwa Bi Twiga, na kikapu kilichobaki kilikuwa kile alichojificha Bi Somoe. Kunguru akashusha pumzi ndefu.

"Bi Twiga, hiki ndicho cha mwisho. Aliyekisuka alikuwa mjane, alikuwa kipofu, na juzi amefariki. Alikishona huku anakata roho."

Bi Twiga akatoa sauti ya kilio kutoka juu kabisa kwenye shingo yake. Akainama, akainama, akachungulia ndani ya kikapu ili adondoshe chozi humo. Akakutana na macho mawili yanamtazama.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye marehemu," akasema Bi Somoe.

Mnacheka? Ngojeni, bado.

Bi Somoe akatoka, akasimama kwenye ukingo wa kikapu. "Mimi ndiye niliyekisuka. Si mjane, mume wangu yuko nyumbani anachemsha ukindu. Si kipofu, nakuona hapo ulipo una utongotongo. Na sijafa. Ninachotaka ni mtama wangu na wa wenzangu, maana tangu tuanze kumpa huyu vikapu tunaletewa pumba."

Kunguru hakutikisika hata unyoya. Akasema, "Mnamwona? Ni yatima wake huyo! Tangu mama yake afe anadhani yeye ndiye mama."

Na Bi Twiga alifanya nini? Akamwuliza Kunguru maswali? Akalitazama ghala la Kunguru lililojaa mtama mpaka mlangoni? Thubutu! Akamwaga mtama wa kulipia kile kikapu, akatikisa shingo yake ndefu, akasema, "Maskini mtoto, njaa imempanda kichwani. Bwana Kunguru, safari ijayo niwekee viwili."

Hapo Bi Somoe akaelewa. Pale sokoni hapakuwa na mtu aliyemhitaji akiwa hai. Hai angeuliza bei. Hai angesema ukindu ni mzuri au mbaya. Marehemu alikuwa mtamu zaidi. Akaruka akarudi kwao, na njia nzima alikuwa analia kwa hasira.

Alipofika akawasimulia wote. Makame alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mimi nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakusema."

"Angesema, angalau," akasema Makame. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakasirika. Akasema, "Sasa fundo la ahadi basi."

Haukupita muda, "Hodi! Hodi!" Kunguru huyo, kola imefuliwa.

"Ndugu zangu wanyonge! Habari njema! Wateja wenyewe wanakuja kuwaona. Sasa nisikilizeni vizuri. Msiimbe. Msicheke. Na nyumba ile pale mliyoitia ukindu mpya, itoeni, inapendeza mno. Mtaniharibia."

Akina Mnana wakaendelea kuchana ukindu.

"Na jambo la pili. Nisukieni kikapu kikubwa, kikubwa kuliko vyote mlivyowahi kusuka. Nitautia humo mtama wote niliowakusanyia, wageni wauone kwa macho yao."

"Mtama wetu?" akauliza Bi Somoe.

"Wenu, mama! Wenu kabisa. Ila nautunza mimi."

Maana Kunguru alikuwa na mpango wake. Wageni wakishamsifu, Mama Tembo angemsaidia kukibeba kikapu mpaka kilimani, kwenye nyumba yake mpya aliyotaka kuiita Nyumba ya Huruma. Ghala lake la sokoni lilikuwa halitoshi tena.

Bi Somoe akawatazama wenzake, akatazama nyumba tupu ya Mwanakombo, akatazama mbingu. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika mbali. Akasema, "Tutasuka. Lakini fundo utalipata ukitoa konzi. Kila nyumba konzi yake. Nimekwambia."

"Ndiyo, ndiyo," akasema Kunguru. "Ile hadithi tamu."

Wakasuka. Kijiji kizima kilisuka, wakubwa kwa wadogo. Ukili ulitoka mtini ukafika kijitoni, ukarudi. Rangi zikapangwa, zambarau, manjano, nyeupe, nyekundu ya damu ya mzee. Hata wao wenyewe walisimama wakakistaajabia. Wakashona kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, mpaka mdomoni, na uzi ukabaki unaning'inia.

Kunguru akaja kukichukua.

"Konzi," akasema Bi Somoe. "Hapo bado hakijafungwa. Nimekwambia mara ya pili."

"Mama, kafundo kadogo vile nani atakaona? Hiyo ni mila tu. Mila ni ya kusimulia." Akakivuta.

Siku ya wageni ikafika. Mama Tembo akaja na mtama wote wa ghala la Kunguru mgongoni. Bwana Kiboko akaja akihema. Bi Twiga akaja, kichwa kikatangulia, mwili ukafuata. Mama Tembo akakitundika kikapu kwenye tawi nene la mkwaju lililokuwa katikati ya kijiji, juu, kila mtu akione. Wakamimina mtama, wakamimina, mpaka ukajaa hadi mdomoni.

Bi Somoe akasogea. "Bwana Kunguru, konzi moja kwa kila nyumba. Hutapungukiwa. Nitafunga sasa hivi, mbele ya wageni wako. Nakwambia mara ya tatu, na sisemi tena."

Kunguru akamsukuma kwa bawa. "Mbele ya wageni unaniomba chakula? Huna haya?" Akaruka, akakaa juu ya mtama kama kuku anayeatamia, akanyoosha kola, akaanza kuhutubia.

Alisema juu ya machozi yake. Alisema juu ya safari zake. Alisema juu ya moyo wake, kwa kirefu. Kisha akafika pale alipopapenda kuliko pote.

"Na hawa wanyonge wangu, wageni wapenzi, wana mila moja nzuri sana. Kikapu hawakifungi fundo mpaka aliyekisuka apewe konzi ya kwanza. Bila konzi, hakuna fundo! Mmesikia utamu huo?"

"Tumesikia," akasema Bi Twiga, akipangusa chozi. Kichwa chake kilikuwa sawasawa na ukingo wa kikapu. Akauangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Na hicho ulichokalia, Bwana Kunguru, umekitolea konzi?"

Kunguru akageuka. Akatazama pembeni, akauona uzi.

Uzi ulikuwa unaondoka.

Trrrr! Vishikio vilikuwa vimeshonwa kwenye mzunguko wa mwisho, na mtama ulikuwa mzito. Mzunguko huo ukafumuka, vishikio vikabaki juu tawini na ukili, kikapu kikashuka. Trrrr! Mzunguko wa pili. Kikapu kikageuka, na Kunguru akageuka nacho. Mtama ukaanza kumwagika kama mvua. Na akina Mnana, walioambiwa wasiimbe, wakaimba. Nisaidieni, imbeni kwa nguvu!

Suka, suka ukili,
ukindu wa kwetu.
Konzi iko wapi?
Fundo liko kwetu!

Trrrr! Kunguru anazunguka, kola huku, mkia kule. Akataka kuruka, kitambi kikakataa. Ukili ukamzunguka mguu, ukamzunguka tumbo, ukamzunguka shingo. Mtama ukamwagika juu ya mapaa, ukamwagika vinuni, ukamwagika ndani ya nyumba ya Mwanakombo iliyokuwa wazi. Akashuka akizunguka mpaka chini, puu! Kitako cha kikapu kikamfunika kichwa kama kofia.

Kisha sauti ikatoka chini ya kitako. "Ndugu zangu! Nisaidieni! Nisaidieni mimi mnyonge!"

Bi Somoe akaenda akasimama mbele yake. Alimtazama mfadhili yule kwa dharau, wala hakuificha.

"Wasimulie wateja," akasema. "Huenda wakakununua."

Hakuna aliyemnunua. Bwana Kiboko alitazama pembeni, maana aliona aibu, si kwa ajili ya Kunguru bali kwa ajili ya machozi yake mwenyewe yaliyopotea bure. Mama Tembo aliuokota mtama kwa mkonga, punje kwa punje, akaugawa kila nyumba, na safari hii hakusema maskini.

Bi Twiga ndiye aliyebaki amesimama. Akainama mpaka usawa wa Bi Somoe.

"Kumbe ni wewe kweli. Hujafa?"

"Nimefufuka. Kile kikapu changu ni kizuri?"

Bi Twiga akababaika. "Sijui, mama. Nilikinunua kwa huruma. Sijakitazama."

"Basi nenda nyumbani ukakitazame. Ukikiona kibaya, nirudishie. Ukikiona kizuri, kitie mtama, uje ununue kingine, ulete na konzi yangu. Huruma yako baki nayo."

Bi Twiga akaenda akakitazama. Aliona zambarau ilivyoingiliana na manjano, aliona mishono midogo iliyofuatana bila kuruka hata mmoja. Alikitazama mpaka jua likashuka. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Somoe, ana mtama, na konzi ameishika tayari. Bi Somoe akatafuna, akameza, akafunga fundo.

Mvua zilipokuja, zilikuta kijiji kimejaa. Mwanakombo alirudi na wanawe, akaikuta nyumba yake imejaa mtama mpaka dirishani, akauliza nani amefariki mpaka watu wakagawa chakula kiasi hiki.

"Mimi," akasema Makame. "Lakini nimepona."

Naye Kunguru alifumuliwa kwenye ukili ule akafukuzwa. Alijaribu kurudi kuomba afundishwe kusuka, hakuna aliyemfundisha. Ndiyo maana mpaka leo nyumba ya Kunguru ni vijiti ovyo vilivyorundikwa, inakutia aibu hata kuitazama. Na ndiyo maana anazungukazunguka majalalani akipiga kelele. Anahutubia. Hana msikilizaji.

Basi funzo ni hili, na sitalipaka sukari. Ukiuza kazi ya mikono ya mwenzako, mlishe kwanza aliyeifanya, ndipo uisimulie. Ukinunua, nunua kwa sababu kitu ni kizuri na mwenyewe amelipwa, si kwa sababu umeambiwa amekufa. Na wewe unayevaa kola ukahesabu machozi ya wengine kuwa mali yako, kumbuka uzi umeushika nani.

Hadithi yangu imefika mdomoni mwa kikapu. Uzi unaning'inia. Nisemeje?

— Hakuna konzi, hakuna fundo!

Haya, nileteeni chakula changu, ndipo niifunge.